Lugha Humpeleka Mtu kwa Nani?

Wahenga walinena: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yaweza kumfariji msafiri asiyejua aendako, lakini haimtoshi kijana wa Dakawa anayetaka kwenda chuo kikuu kusomea Kihispania, fasihi yake na utamaduni wa wenyewe. Huyo hana budi kukutana na swali la baba yake, mkulima wa mpunga wa bonde la Wami: "Mwanangu, Wahispania wako wapi hapa?" Swali hilo tusilicheke. Ndani yake limo swali zito la maadili: je, mtoto wa watu wenye shida ana haki ya kutumia miaka mitatu, na pengine mkopo uliotokana na kodi za watu kama baba yake, kujifunza lugha ya watu wa mbali?

Kwanza tuutazame huo umbali. Dakawa ipo kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na milima ya Uluguru imebaki upande wa kusini. Mwaka 1982 serikali ya Tanzania iliwapa hapo ardhi wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, kuongezea ile ya Mazimbu walikokuwa na chuo chao cha Solomon Mahlangu. Walikaa hadi mwaka 1992, walipoikabidhi Tanzania makazi yao na kurejea kwao. Katika miaka ya uhamishoni chama hicho kilipeleka vijana wake kusoma katika nchi rafiki, Cuba ikiwa mojawapo, na Cuba watu husoma kwa Kihispania. Kwa vijana wale, hiyo ilikuwa lugha ya mwenyeji aliyewafungulia mlango ilhali mlango wa kwao umefungwa. Basi umbali wa lugha haupimwi kwa maili peke yake.

Wapo watakaomjibu baba yule kwa hesabu. Watasema kwamba watalii wasemao Kihispania hufika Mikumi na Unguja, na mwongoza watalii anayewaelewa hutafutwa. Watasema kwamba Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika kama yetu, ina Kihispania miongoni mwa lugha zake rasmi. Na kwamba itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Mkataba wa Umoja wa Afrika ilizitaja Kihispania na Kiswahili pamoja katika lugha rasmi za Umoja huo. Yote hayo ni kweli. Lakini hesabu hujibu swali la tumbo tu. Swali la haki hulibakiza pale pale. Mtu aweza kupata kazi kwa lugha, na lugha hiyo hiyo ikamtenga na watu wake. Kwa hiyo, badala ya kuuliza lugha italeta nini, naona heri tuulize: itampeleka msemaji kwa nani?

Mfano ninaoupimia jambo hili ulitokea katika ziwa letu wenyewe. Mwezi Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Yeye na wenzake kutoka Cuba walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Novemba ya mwaka ule ule waliondoka wameshindwa. Baadaye, akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba jijini Dar es Salaam, Che aliandika kumbukumbu za vita hivyo. Katika kujihukumu kwake alitaja dosari ambayo wasomaji wengi huipita haraka: hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa kina cha kutosha. Kifaransa alikuwa nacho, na kwacho alizungumza na wakubwa. Lakini hicho hicho kilimweka mbali na askari wa kawaida. Akakiri kwamba alipungukiwa na nia ya kufanya juhudi iliyohitajika.

Tuzingatie kauli hiyo. Mtu aliyeacha cheo na familia ili asimame na wanyonge aliwakosa wanyonge hao katika mazungumzo. Jina la Kiswahili alikuwa nalo, ila jina si lugha. Nasi pia tuna upungufu wetu. Kumbukumbu hizo zilichapishwa kwa Kihispania mwaka 1999. Sehemu ya historia ya Kigoma na Dar es Salaam imo humo, na wengi wetu huisoma kwa kupitia Kiingereza, mfano wa mtu anayesimuliwa habari za nyumba yake na jirani.

Mimi Kihispania sikukisomea chuoni. Nilikipata kwa kamusi na subira, kwa shauku ya kutafsiri mashairi bila kupitia mlango wa Mwingereza. Humo nilikuta mambo ambayo mpenzi wa ushairi wa pwani atayatambua mara moja. Federico García Lorca, aliyeuawa mwaka 1936, aliacha kitabu kiitwacho Diván del Tamarit. Na hilo diván ndilo diwani letu, neno ambalo Waarabu walilipeleka kwao na kulileta kwetu. Utungo wa kale wa watu wa kawaida wa Uhispania, uitwao romance, huenda kwa mizani nane nane, na kina hukaa mwishoni mwa kila mstari wa pili. Unga mistari miwili, utapata mizani kumi na sita zenye pumziko katikati: mshororo wa shairi letu na vipande vyake viwili. Sisemi kwamba mmoja alimfundisha mwenziwe. Nasema wakikutana hawatakosa la kuzungumza. Na huko Cuba, watu wa mashamba hutunga papo kwa papo beti za mistari kumi, wakajibizana hadharani kama malenga wetu.

Basi jibu langu ni kwamba haki ya kijana wa Dakawa ipo, lakini ina sharti. Lugha aliyosomeshwa kwa jasho la wengine ni amana. Akirudi na Kihispania cha mabalozi na hoteli tu, watu wake watakuwa wamemlipia lugha ya wakubwa. Bali akiweza kuketi jamvini na mkulima wa Wami, akamweleza kwa Kiswahili fasaha namna mkata miwa wa Cuba anavyotunga na anavyoteta na mwenziwe kwa beti, kisha akamweleza yule Mcuba, kwa Kihispania kisichopitia kwa mtu wa tatu, nyimbo na dhiki za mkulima wa mpunga, hapo amana itakuwa imewafikia wenyewe.