ALIYECHOKA MOYO TUMPE MKATE KWANZA

Mtu akiugua homa, jirani hawamwulizi kama amesali. Humletea uji, humtafutia gari, humpeleka hospitali. Lakini mtu akiugua moyoni, akapoteza usingizi, akakataa chakula, akakosa furaha hata kwa watoto wake mwenyewe, mara husikia maneno ya namna nyingine: jikaze, imani yako imepungua, sali zaidi. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Ndugu wasomaji, maneno hayo, hata yakisemwa kwa nia njema, huweza kumdidimiza mgonjwa. Mwenyezi Mungu mwenyewe alituonyesha njia iliyo bora.

Tumkumbuke Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Huyu hakuwa mtu wa imani haba. Alikuwa ametoka mlima Karmeli, alikowashinda manabii wa Baali mbele ya watu wote. Lakini malkia Yezebeli alipoapa kumwua, nguvu zilimwishia. Alimwacha mtumishi wake Beer-Sheba, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae afe. Je, Mungu alimkaripia? La, hasha. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kumlisha, kwa kuwa safari iliyombele yake ilizidi nguvu zake. Baadaye, kule mlima Horebu, Mungu alimwuliza ana shughuli gani pale, akamwacha aseme uchungu wake wote, tena mara mbili. Ndipo alipomrudishia kazi, akampa na mwenzake, Elisha, ili asiubebe mzigo peke yake.

Twauona wazi utaratibu huo: usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, na mwenzi wa safari. Lawama haimo.

Waganga wa siku hizi huuita ugonjwa huu sonona. Si uvivu, si utoto, wala si dhambi. Huletwa na mambo mengi yanayokutana: kufiwa, madeni, ugomvi wa nyumbani, maradhi ya muda mrefu, kazi isiyo na mapumziko, pengine hata urithi wa ukoo. Akina mama wengine hupatwa nao baada ya kujifungua. Huzuni ya kawaida huja na kupita; lakini ikimshika mtu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, yafaa aonwe na daktari. Matibabu yapo, nayo ni mazungumzo na mtaalamu, na dawa kwa wanaozihitaji. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo mgonjwa asiziache njiani bila shauri la daktari.

Huenda msomaji akasema: madaktari wa namna hiyo ni wachache, nasi tuko mbali. Ni kweli. Lakini na tutazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi huko Mbare, katika jiji la Harare, pamoja na akina bibi 14 wa mtaa ule. Aliwafundisha kusikiliza kwa makini, na kumsaidia mtu achague shida moja kati ya nyingi na kutafuta njia ya kuitatua. Waliketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao, nje ya zahanati. Uchunguzi wa watu zaidi ya 500 ulitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya wagonjwa waliopata msaada wa benchi lile, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50 katika 100.

Je, sisi hatuna bibi? Hatuna wazee, makatekista na Jumuiya Ndogo Ndogo zinazokutana kila juma? Benchi tunalo, tuongeze subira ya kuketi.

Twawasihi hasa wazazi jambo moja. Mtoto, mume au mke akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimtishe. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hivyo hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye sumu na kamba, mkampeleke hospitali bila kukawia. Na familia iliyokwisha kufikwa na msiba wa namna hii isinyoshewe kidole. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiwataji waliojiua kati ya wanaonyimwa maziko ya Kikristu. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba maradhi mazito ya akili huweza kupunguza lawama, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Kanisa huwaombea, nasi tuwaombee.

Hatusemi kwamba sala haina kazi. Sala na Sakramenti ni nguvu ya mgonjwa, naye akiweza kusali, tusali pamoja naye. Asipoweza, tusali kwa ajili yake. Tusemalo ni kwamba sala isigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka.

Bwana wetu Yesu Kristu, katika bustani ya Getsemani, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ilikuwa na huzuni kiasi cha kufa. Hakuona aibu kulisema hilo. Wala hakuwataka wamhubirie; aliwataka wakae na kukesha pamoja naye. Nao wakalala. Katika nyumba ya jirani yetu, usiku huu, pengine yupo mtu anayeomba jambo lile lile. Basi sisi tusilale.