Mfereji Uliokuwa Ukiuma

Kwa muda wa miezi mitatu mfereji wa bafuni nyumbani kwa shangazi yangu, Msambweni, ulikuwa ukiuma. Ukiufungua kwa mkono uliolowa, ungehisi kama siafu wanakutambaa vidoleni. Shangazi akazoea kuufungua kwa ncha ya kanga. Watoto wakaambiwa wasiende kuoga bila ndara. Mimi nilifika siku moja kutoka Ukunda, nikaushika, nikauachia haraka, kisha nikasema, "Ni stima kidogo tu, shangazi, haiwezi kuua." Maneno hayo nayajutia hadi leo, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika kisa hiki.

Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe, na stima iliingizwa zamani, enzi za mabomba ya chuma. Fundi wa wakati huo alifanya kama ilivyokuwa desturi: waya wa ardhi, ule wa kijani ambao mafundi huuita ethi, aliufunga kwa kibano kwenye bomba la maji lililotoka chini ya ardhi. Bomba lilizikwa mbali, kwa hiyo likawa ndilo ardhi ya nyumba nzima. Baadaye lilioza kwa kutu, kama chuma chochote kinavyooza kwenye upepo wa bahari, na fundi wa mabomba akaweka la plastiki. La zamani alilikata nje ya ukuta, akaacha kipande ndani. Kibano kikabaki palepale, kimekaza vizuri. Lakini plastiki haipitishi umeme. Siku hiyo nyumba ilipoteza ardhi yake na hakuna aliyejua.

Mwaka uliofuata tukabadilisha meni swichi. Ile kuukuu ilikuwa na fyuzi za waya, na kila zilipoungua tuliweka waya mnene zaidi ili zisitusumbue tena. Hiyo peke yake ilikuwa hatari ya kuiteketeza nyumba. Tukaleta sanduku jipya lenye braka, na mlipaji nilikuwa mimi. Fundi aliuliza, "Ethi iko wapi?" Nikamwonyesha kile kibano. Akakitazama, nikakitazama, tukaridhika. Hakupima, wala sikumwambia apime. Alipotaja kifaa cha kukata stima inayovuja, nilisikia bei yake nikasema tutakiweka baadaye. Leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, ambayo kila fundi wa stima anatakiwa kuwa nayo, sikumwuliza.

Dalili zilianza baada ya friji kuzeeka. Mfereji ulitangulia kuuma. Kisha pasi, nayo ilikuwa nzima kabisa. Jirani alipoigusisha testa yake kwenye mfereji, taa ya testa ikawaka. Tukasema testa ni mbovu. Tulikuwa tukiambiwa ukweli na vyombo vyetu wenyewe, na kila kimoja tukikitafutia udhuru. Friji ilikuwa inavujisha stima kwenye bodi yake. Stima hiyo ingepaswa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi, lakini njia ilikatwa. Na kwa kuwa waya huohuo umeunganisha vyuma vyote vya nyumba, stima ikasambaa: kwenye pasi, kwenye kile kipande cha bomba, na kutoka hapo kwenye mfereji. Waya wa kutulinda ndio uliotuletea hatari kila chumba.

Ilikuwa Februari. Mke wa binamu yangu alikuwa amepiga deki jikoni, yuko peku, akashika mlango wa friji. Mkono ukagandamana. Namshukuru Mungu kwamba binamu yangu hakumvuta. Alikimbilia meni akazima. Mama wa watu alipona, kiganja kikiwa kimeungua.

Braka mpya haikukata. Wengi tunadhani braka humlinda mtu, kumbe kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Braka ya ampea 32 haishughuliki na ampea mbili au tatu, ilhali sehemu ndogo sana ya ampea moja ikipita moyoni inaweza kuua. Kile kifaa nilichokiona ghali hukata stima inayovuja ikifika miliampea 30, yaani 30 kati ya sehemu 1,000 za ampea moja.

Na hata kupiga fimbo ya shaba ardhini, ili iwe ardhi mpya badala ya bomba, hakutoshi kama haikupimwa, hasa huku kwetu. Diani na Msambweni tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na wakati wa kaskazi udongo hukauka. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 100. Gawanya volti 240 kwa 100, utapata ampea 2.4. Braka itatulia tu, na bodi ya friji itaendelea kuwa na stima. Ndiyo maana fundi mwenye leseni aliyekuja baadaye alipiga fimbo zaidi ya moja, akaziachanisha, akapima, kisha akaweka kile kifaa na kumwonyesha shangazi kitufe cha kukijaribia. Mita na sili za Kenya Power hakuzigusa, kwani hizo ni zao.

Tafadhali, ndugu yangu, mfereji wako ukikuuma usiuzoee. Zima meni kwa mkono mkavu, ukiwa umevaa viatu, na usiiwashe mpaka ardhi ipimwe kwa kipimo. Na kama mabomba ya chuma yamebadilishwa kwako, uliza leo waya wa kijani umefungwa wapi.

Juzi fundi wa mabomba alikuja kubadilisha mfereji wa uani. Kabla hajashika spana, shangazi alimsimamisha. "Mwanangu, hebu nieleze kwanza, bomba hilo limefungwa waya gani?"