Mweleze Daktari Kweli Yote

Marko, sura ya tano, anatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alizunguka kwa matabibu wengi, akamaliza mali yake yote, na bado hali ikazidi kuwa mbaya. Alipogusa vazi la Bwana akapona papo hapo, naye angeweza kujiondokea kimyakimya. Bwana hakukubali. Alimtafuta kwa macho mpaka akajitokeza, akitetemeka, akamweleza kweli yote.

Wiki hii namtafakari mama huyo kwa ajili ya wale walioandikiwa vidonge vya kushusha lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Dawa hizi huitwa statini. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1973 na Mjapani Akira Endo, baada ya yeye na wenzake kupima aina zaidi ya 6,000 za kuvu. Hulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, na zimewakinga wengi na kiharusi na mshtuko wa moyo. Naziona kuwa rehema ya Mungu.

Lakini zina maudhi yake. Wapo wanaoumwa misuli, hasa ya mapaja na mabega. Sukari yaweza kupanda kidogo, na vipimo vya ini vikabadilika. Mara chache sana misuli huharibika vibaya, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hapo usingoje kesho, wahi hospitali. Hatari huongezeka baadhi ya statini zikikutana na dawa nyingine, kama antibayotiki ya klarithromaisini au baadhi ya ARV, hata juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi.

Mzee mmoja wa kanisa nilimkuta amekaa sebuleni akijikanda magoti. Mkewe akavuta droo ya kabati la vyombo, akatoa pakiti tatu za vidonge, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. "Mchungaji, miguu iliniuma nikaacha," mzee akasema. "Daktari nimemwambia nameza." Alimwonea haya daktari. Na daktari, akiona lehemu haishuki, angeweza kumwongezea dozi akidhani ile ya kwanza haitoshi. Heshima ya namna hiyo inaua.

Mwaka 2020 kulichapishwa utafiti wa London wa watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi. Walipewa miezi mingine statini, mingine vidonge visivyo na dawa, mingine wakakaa bila chochote. Sehemu kubwa ya mateso waliyoyapata kwa statini waliyapata pia kwa vidonge vile vitupu. Wasiitwe waongo! Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Hofu nayo huutesa mwili. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walianza tena dawa.

Basi maumivu yasemwe, yapimwe. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili aina ya statini, au kugundua kwamba kinachouma ni kitu kingine kabisa. Wala mhubiri yeyote, hata mimi, hana ruhusa ya kukwambia uache dawa kwa kuwa umeombewa.

Ndugu yangu, ukienda kliniki mwezi huu, beba pakiti zako zote, na mitishamba unayokunywa. Ziweke mezani, useme ulichomeza na ulichoacha. Nanyi watoto mnaowasindikiza wazazi, msiwajibie. Waacheni waseme wenyewe.