Nani Shahidi wa Kinamasi?

Swali langu ni hili: je, ni haki kumwambia mtu asilime bonde lililomlisha, kwa sababu bonde hilo linahifadhi kitu kinachowafaa watu wasiomjua?

Kitu chenyewe ni mboji. Sisi hapa Ufipa tangu zamani hufukia majani katika matuta ya mviringo yaozee humo, kisha hupanda. Lakini katika kinamasi mambo huenda kinyume. Maji huzuia hewa isiingie, majani hayaozi sawasawa, hulundikana kwa maelfu ya miaka. Chimba mfereji maji yatoke, na uozo huanza. Kaboni iliyolala humo hupanda angani ikiwa hewa ya ukaa.

Kinamasi kikubwa kuliko vyote vya namna hiyo katika nchi za joto kiko kwa jirani zetu, bonde la Kongo. Mwaka 2017 Simon Lewis, Greta Dargie na wenzao, wakiwamo wataalamu wa Kikongo, walitangaza ramani yake: kilomita za mraba 145,500 hivi, zenye kaboni kama tani bilioni 30. Setelaiti ziliwaonyesha mahali pa kutafuta, lakini iliwabidi waingie kwa miguu na kudunga ardhi ili wajue kina cha mboji. Jicho la angani halioni chini ya udongo.

Kuna pia kisa cha kinamasi kilichorudishiwa maji. Kule Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, watu walikausha na kulima. Kufikia mwaka 2004 maji ya ziwa Burera yalikuwa yamepungua, na mitambo ya umeme ya Ntaruka ikadhoofika, ingawa ukame nao ulichangia. Serikali ikakomesha kilimo ndani ya kinamasi, na maji yakarudi. Umeme ulikwenda mjini. Na yule aliyekuwa na kiunga chake cha viazi je?

Setelaiti ingeandika kwamba Rugezi kumelowana tena, na ingesema kweli. Zile za rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa mwaka 2014, hupenya mawingu na usiku, nazo husaidia kutambua unyevu na hata uso wa mboji unavyoinuka na kushuka kidogo kidogo. Nyingine, OCO-2 ya Marekani, yapima hewa ya ukaa iliyomo angani. Lakini hakuna hata moja ihesabuyo tani zilizoingia katika bonde moja la kijiji. Tani hizo hutokana na hesabu ndefu, yenye makisio ndani yake. Miaka yangu yote chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba jibu lisiloonyesha njia halistahili alama zote. Sioni kwa nini mkulima apewe chini ya hapo.

Wengine watasema bonde si mali ya mtu mmoja, na akaushaye juu humkosesha maji wa chini. Ni kweli, nami kwa sababu hiyo nakubali mtu aweza kuombwa aache. Kuombwa, nasema, na kulipwa kwa wakati. Wenzetu wa Katavi, tuliokuwa nao mkoa mmoja hadi mwaka 2012, wana vijiji 8 katika Wilaya ya Tanganyika vinavyolipwa kwa kutunza misitu ya Ntakata. Mboji ni ngumu zaidi. Msitu hukua ukionekana; mboji huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, na mfereji mmoja waweza kuiharibu. Atiaye sahihi leo anamfunga mjukuu asiyezaliwa, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko hesabu.

Kwa hiyo, akija mtu na ramani yake, ningependa aje pia na bomba lenye alama. Likichomekwa katika mboji huonyesha maji yamesimama umbali gani chini ya uso, na hilo ndilo hasa linaloamua hewa ya ukaa itatoka kiasi gani. Mtoto wa darasa la sita aweza kulisoma kila juma na kuandika daftarini, na daftari likae kijijini. Siku setelaiti itakaposema moja na daftari likasema jingine, mazungumzo yaanzie hapo, kwa Kiswahili, kabla ya malipo kukatwa.