Mtegaji Anadaiwa Jibu

Mtu ambaye siku yake haikupungukiwa na matatizo, kwa nini jioni ajitafutie jingine, la bure, lisilomwongezea hata faranga moja? Mahali penye raha swali hili ni jepesi. Lipeleke Masisi au Walikale, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, uone linavyopata uzito. Huko kuna mkulima wa viazi aliyeshinda akijiuliza kama njia ya Sake inapitika, mchimbaji wa Rubaya aliyetoka shimoni jua likizama, mama aliyehama, akarudi, akahama tena. Na bado, giza likikaribia, watu hao hao huinamia ubao wa dame wenye kete za vifuniko vya chupa, au mashimo ya mchezo wa igisoro, au huwategea watoto vitendawili kando ya moto. Akili iliyochoka inapewa kazi nyingine, tena kwa hiari yake.

Jibu lililo karibu siku hizi ni kwamba wanafanya mazoezi ya ubongo. Ndivyo zinavyodai programu nyingi za simu: cheza dakika chache kila siku, kumbukumbu itaimarika, kazini utafikiri upesi, uzee utachelewa. Dai hilo limepimwa. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 11,430 waliofanya mazoezi ya namna hiyo kwenye kompyuta kwa majuma sita. Watu hao walizidi kuwa hodari katika michezo waliyoizoea. Nje ya michezo hiyo hakukuonekana faida ya maana, hata katika kazi zilizofanana nayo. Mwezi Januari 2016 kampuni iliyotengeneza programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuishtaki kwa kuwadanganya wateja juu ya faida hizo. Basi bingwa wa igisoro ni bingwa wa igisoro. Ubingwa huo haumwezeshi kupata bei nzuri ya viazi kuliko jirani yake, wala wazee hawakuuhitaji udhuru huo ili wacheze.

Kama si ubongo, fumbo linafunza nini? Ninaamini linatufunza kwamba ugumu unaweza kubeba ahadi ndani yake, na kwamba anayeutoa ugumu huo ana wajibu wa kuitimiza ahadi.

Mwanafalsafa wa sayansi Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya mapinduzi ya kisayansi, alilipima fumbo kwa kipimo hiki: hakika ya kuwa na jibu. Jambo linaweza kuwa dogo kabisa, lisiwe na uzito wowote kwa binadamu, na likawa fumbo zuri. Na mambo yanayotubana kuliko yote, alisema, mara nyingi si mafumbo hata kidogo, kwa sababu huenda hayana jibu. Mifano aliyoichagua ni miwili: tiba ya saratani na amani ya kudumu. Msomaji wa Kivu hawezi kuupita mfano huo wa pili mbiombio. Kabla ya kuujibu, tulitazame fumbo lenyewe kwa karibu.

“Nyumba yangu haina mlango.” Mtoto anayekisikia kitendawili hiki kwa mara ya kwanza huanza kuizunguka hiyo nyumba. Anatafuta dirisha. Anauliza wenyewe huingilia wapi, labda juu ya paa. Anataja kaburi, anataja mzinga, anataja sanduku, kisha ananyamaza. Kinachomzuia kukata tamaa ni uso wa bibi aliyetega: bibi anajua. Kilicho giza kwa mmoja ni mwanga kwa mwenzake, na mwenzake huyo hajaondoka, ameketi papo hapo. Jibu likitoka, kwamba ni yai, mtoto hajaongeza ujuzi wowote juu ya mayai. Huenda asubuhi hiyo aliyaokota mwenyewe kiotani. Alichopata ni ushahidi kwamba kitu alichokishika kwa mkono wake kinaweza kufichika, na kwamba kilichofichika kinaweza kufichuliwa na mtu anayemtakia mema.

Tena bibi hakumvamia. Katika vilima vya Masisi, kwa wasemao Kinyarwanda, mtegaji huita “Sakwe sakwe!” na kungoja. Hawezi kuendelea mpaka wenzake waitike “Soma!” Pwani ataita “Kitendawili!” na kungoja “Tega!” Mwitikio huo ni ridhaa. Asiyeitika hatategewa, na aliyeitika amekubali mbele ya watu kwamba anaweza kushindwa. Kwa hiyo kushindwa kwake hakumvunjii heshima. Aliingia kwa mlango wake mwenyewe, na atatoka akiwa mtu yule yule.

Igisoro nalo lina somo lake, na linaonekana wazi kwa anayefuata kete kwa jicho. Ubao una safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Anachota kete za shimo moja, anazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete kwenye safu yake ya ndani, na mashimo mawili ya mpinzani yanayolikabili yote yakiwa na kete, anazichukua na kuzipanda upande wake. Mchezaji mzuri huuona mwisho wa safari kabla hajagusa kete ya kwanza. Lakini kinachonishika mimi ni jambo lililo nje ya ustadi: kete iliyotekwa haitoki ubaoni. Katika dame iliyoliwa huwekwa kando, imekwisha. Katika igisoro inahama, inaendelea kutembea, na baada ya mizunguko michache inaweza kurudi ilikotoka. Mchezo ulioanza na kete 64 unaisha na kete 64. Aliyeshindwa ameshindwa kweli, hakuna anayemfariji kwa uongo, ila mchezo mwingine ukianza kete hugawanywa sawa kwa sawa na yeye huketi pale pale alipokuwa.

Wanyanga wa Walikale waliliwaza jambo hili la kupoteza na kurudishiwa kwa kina katika utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msanii She-Karisi Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi huo, na mwaka 1969 Biebuyck aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anamsaka baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumwangamiza tangu alipozaliwa. Anashuka chini ya ardhi, anapita majaribu ya Muisa, mwenyeji wa huko, anafika kwa Sheburungu, mmoja wa wakuu wa miungu, na kumuuliza baba yake yuko wapi. Sheburungu anajua. Ila anataka kwanza wacheze wiki, kamari ya mbegu iliyopendwa na Wanyanga. Mwindo anashindwa. Inakwenda mali, inakwenda mifugo, wanakwenda watu wake, mpaka anabaki na kitu kimoja, usinga wake wa conga wenye nguvu zake zote. Anauweka nao. Hapo mchezo unageuka, na Mwindo anarudisha kila alichopoteza na zaidi ya hapo.

Kinachofuata ndicho kiini cha hoja yangu. Sheburungu aliyeshindwa anamwambia Mwindo mahali alipo Shemwindo. Yuko juu kuliko mwanadamu, angeweza kunyamaza au kuondoka, na bado analipa. Masimulizi ya msituni hayakumruhusu hata mungu kuchukua vya mtu kwa jina la mchezo kisha akashika jibu. Na mwisho wa safari hiyo ya hasira si mauaji. Baba na mwana wanarudi Tubondo, kijiji chao, waliokufa wanafufuliwa, utawala unagawanywa mbele ya watu wote.

Vitendawili vya pwani vina sharti hilo hilo kwa sura nyingine. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji husema, “Nipeni mji.” Nao humpa, Lamu, Tanga, Kigoma, wowote wanaoutaka. Akiukataa, hutajiwa mwingine. Akiupokea, hujisifu kidogo kwa alivyotembea huko na kupokewa, na hapo hapo hutoa jibu. Hana ruhusa ya kuuchukua mji na kubaki na siri. Mji umetolewa kwa mdomo, umepokelewa kwa mdomo, na usiku huo hakuna aliyelala nje.

Masisi na Walikale wameijua namna nyingine ya kutoa miji. Mwezi Machi 1993 mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, yalienea hadi Masisi na kuwageuza majirani kuwa maadui. Rubaya, na koltani yake, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Januari 2025 wapiganaji wao waliingia mji wa Masisi, na mwezi Machi mwaka huo huo wakafika mji wa Walikale. Sambamba na tarehe hizo kuna tarehe za karatasi za amani: Goma, 23 Januari 2008, Goma tena, 23 Machi 2009, Addis Ababa, 24 Februari 2013, Washington, 27 Juni 2025. Na kila mara wakaaji wameambiwa kwamba jambo lao ni fumbo zito. Kuna ardhi, kuna makabila, kuna mipaka, kuna koltani ya Rubaya na madini ya bati ya Bisie, wavumilie. Kila kilichotajwa kina ukweli wake. Lakini kuyaita haya fumbo ni kuyapa heshima isiyo yao. Fumbo huingiwa kwa ridhaa, na hakuna aliyemwita mama wa Kitchanga akangoja aitikie. Fumbo lina mwenye jibu aliyeketi nawe, na hapa kila anayeulizwa anamnyooshea kidole mwingine. Kinachopotea katika igisoro kinabaki ubaoni. Waliokufa Ntoto hawakurudi.

Basi Kuhn alisema kweli? Na kama alisema kweli, je, hatuwadanganyi watoto tunapowazoesha kuamini kwamba kila giza lina jibu, katika nchi ambayo giza lake halijatoa jibu kwa miaka zaidi ya thelathini? Pingamizi hili ni zito, nami silipuuzi. Nalijibu kwa kuuliza hakika ya kitendawili inatoka wapi. Haikushuka na mvua. Yai halikuwa jibu la kitu chochote mpaka mtu alipolijengea swali, akawaita wenzake, akakaa nao, na akakubali kulitoa wakati ulipofika. Hakika ya jibu ni kazi ya binadamu kwa binadamu mwenzake. Ni neno lililotolewa na kushikwa. Kuhn yuko sahihi kwamba amani haikuja na hakika hiyo ndani yake, lakini kitendawili nacho hakikuja nayo. Mtu aliiweka. Amani inangoja watu wa kuiweka, na ikikosekana si lazima iwe kwa sababu swali lilikuwa gumu mno. Huenda ni kwa sababu waliotega hawakujifunga kwa lolote.

Ndiyo maana siwezi kuiona michezo ya jioni kuwa njia ya kukimbia maisha, wala kuwa anasa ya walioshiba. Mtoto aliyekua akiitikia kwa hiari, akashindwa bila kudharauliwa, akapewa jibu kila alipotoa mji, ana kipimo mkononi. Anaijua haki ya mashindano kabla hajafundishwa neno haki shuleni, na ataitambua dhuluma hata ikija na muhuri. Jamii ambayo imepoteza michezo hiyo inapoteza kipimo hicho, na hapo ni rahisi kuishawishi kwamba kuporwa ni sehemu ya fumbo. Walimu wa Nyabiondo na wazazi waliokimbilia pembeni mwa Goma wakiulizwa kwa nini wanapoteza muda na vitendawili wakati chakula hakitoshi, wasijitetee kwa habari za ubongo. Wanalinda sheria ambayo bila hiyo hakuna mkataba utakaosimama.

Na sheria hiyo iwahusu pia wanaoketi Kinshasa, Kigali, Doha na Washington, pamoja na kila mwenye bunduki aliyeingia mji akisema amekuja kuuokoa. Wamekwisha kuchukua mji. Mwenye jibu alitoe, na asiye nalo arudishe mji.