Tujue Saa ya Mama Mwenye Mimba

Masomo: Mwanzo 35, 16-20, Yohana 16, 21

 

Neno la leo ni la wamama wenye mimba, lakini wababa wasitoke nje. Ninyi wababa, na zaidi ninyi wazee wa maombi, ketini karibu, maana mara nyingi sisi ndio tunaomchelewesha mama mlangoni.

Tumesoma habari za Rakeli. Yakobo na watu wake walikuwa wametoka Beteli, bado hawajafika Efrata, uchungu ukamkamata mke njiani. Ukawa uchungu mzito. Angalieni mkunga alifanya nini: alimtia moyo, akamwambia habari njema ya mtoto. Hakumwuliza amekosa nini. Na Rakeli alikuwa na kosa, wasomaji wa Biblia mnalijua: aliiba miungu ya baba yake, akaificha katika matandiko ya ngamia. Wako wahubiri wanaofundisha kwamba alikufa kwa sababu hiyo. Sura ile haisemi hivyo. Inasema uchungu ulikuwa mzito, basi.

Nalisema hili kwa sababu yangu mwenyewe. Zamani, nilipokuwa kijana katika kazi ya maombi, tuliletewa mke wa ndugu mmoja, mimba yake ya kwanza. Maji yalikuwa yamepasuka tangu asubuhi. Hatukujua jambo hilo linataka nini. Tuliwasha mishumaa tukaimba. Usiku wa manane mtoto hakuja, nami nikasema: anaficha kitu, atubu. Tukamwuliza majina ya wanaume. Binti yule alilia, akasema hakuna. Jogoo aliwika sisi tungali tunamwuliza. Walipompeleka kwa kipoyo, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mtoto alizaliwa amekufa. Mama alirudi nyumbani akivuja mkojo, kwa kuwa kichwa cha mtoto kilikaa muda mrefu kikibana nyama za ndani, hata zikafa na kutoboka. Ugonjwa huo unaitwa fistula. Dhambi ya usiku ule ilikuwa yangu. Nimeiungama mbele ya Mungu na mbele yake, na leo naiungama mbele yenu.

Bwana Yesu alipomtaja mwanamke anayezaa, alisema juu ya saa yake, na juu ya furaha inayofuata. Saa ina dalili, kama mvua. Mama aliyeanika mihogo, akiona wingu jeusi juu ya mlima, hangojei maono, anainua mkeka.

Sikilizeni basi. Katika majuma ya mwisho tumbo hushuka, mama hupumua vizuri kidogo, naye huenda kukojoa mara kwa mara. Hiyo ni kengele ya kwanza tu. Pengine zitapita siku nyingi. Tumbo pia hukaza na kulegea ovyo, leo jioni, kesho hapana. Akilala, au akitembea kidogo, au akinywa maji, linatulia. Huo ni uchungu wa uongo, wala asionewe haya kwa kuwa aliwaamsha watu bure. Afadhali aende maternite mara tatu arudi, kuliko kukosa kwenda mara moja.

Uchungu wa kweli una mpango. Huanzia mgongoni mara nyingi, ukazunguka mbele. Tumbo linakuwa gumu kama jiwe chini ya mkono, kisha linalegea. Unarudi, unazidi nguvu, unakaribiana, wala hautulii kwa kulala. Baba, chukua saa au telefone yako, hesabu tangu mwanzo wa uchungu mmoja hata mwanzo wa mwingine. Ukiwa kila dakika 20 au chini yake, inuka. Mama akiona ute mzito wenye damu kidogo, aondoke vilevile, na wa mbali wasingoje.

Maji nayo. Pengine hutoka mengi kwa ghafula, pengine matone tu, hata mama akadhani ni mkojo. Aweke kitambaa safi aangalie. Maji yakitoka, aende, hata kama hasikii uchungu wowote, kwa sababu mlango umefunguka na ugonjwa unaweza kuingia. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto anaweza kuwa taabuni: kimbieni.

Damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, homa kali, mtoto kuacha kucheza: hapo hakuna kuhesabu dakika. Ni vilevile dalili za kuzaa zikija kabla ya juma la 37. Na ninyi bibi zetu, tafadhali, msimpe dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zinaweza kupasua tumbo la uzazi.

Mtu atauliza: je, maombi tuyaache? Hapana. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi kule Bukavu mwaka 1999, ni mtoto wa mchungaji. Amesimulia kwamba alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kwa mtoto mgonjwa. Baba aliomba, lakini dawa hakutoa, na alipoulizwa alijibu kwamba dawa ni kazi ya waganga. Kijana akaamua kuifanya kazi hiyo. Mpaka leo jina la Panzi linajulikana kwa kutengeneza wamama wenye fistula. Baba na mwana, kila mmoja alisimama mahali pake.

Wababa, msianze kutafuta feza siku ya uchungu. Wekeni kidogo kidogo tangu sasa, pamoja na vikwembe safi, fishi ya CPN, na namba ya mwenye moto anayekubali kutoka usiku. Serikali ilianza mpango wa kuzalisha bure mwaka 2023, ukianzia Kinshasa. Ulizeni kwenye kituo chenu cha afya kama umefika kwenu, msikae na habari za sokoni.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, wamama wa mimba ya miezi 7 na kuendelea watabaki pamoja na waume zao, kila mmoja na fishi yake. Wazee wa zamu ya usiku nao watabaki. Mtu akigonga mlango akiwa na mwenye uchungu, mtauliza mambo matatu tu: maji yametoka? kuna damu? uchungu ni kila dakika ngapi? Kisha mmoja atachukua taa, wawili watasindikiza, na sala itasemwa njiani.

Amina.