Je, Kuna Dau la Busara?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, mtu anaweza kucheza kamari kwa busara? Siulizi kama anaweza kushinda. Hilo linawezekana, na kila mtaa una hadithi yake. Nauliza kama kule kupima, kuchagua na kujizuia kunatosha kuifanya kamari kuwa tendo jema, au angalau tendo lisilo na lawama.

Nitalijibu kupitia mbio za farasi za Uingereza, wala si kupitia mpira wa miguu ambao wengi wetu tunaufuatilia hapa Uganda. Sababu ni kwamba anayetaka kuipinga hoja hana budi kuipinga pale iliposimama imara zaidi. Anayeibetia timu kwa sababu anaipenda hajidai kuwa na busara. Katika mbio za farasi, kinyume chake, kuna watu wanaosoma kumbukumbu za kila farasi, uzito atakaobebeshwa na hali ya uwanja baada ya mvua. Wanaandika kila dau daftarini. Tena wanayo aina ya dau ambayo inaonekana kutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye tahadhari. Ikiwa busara ya kamari ipo popote, basi ipo hapo.

Dau hilo nitaliita dau la pande mbili, kwa kuwa lina nusu mbili zilizo sawa. Nusu ya kwanza inasema: farasi wangu atakuwa wa kwanza. Nusu ya pili inasema: hata asiposhinda, atamaliza katika nafasi za mbele. Kwa kawaida mbio zenye farasi 8 au zaidi hulipa nafasi 3 za kwanza, na nusu ya pili hulipwa moja ya tano ya kiwango cha ushindi. Farasi wakiwa 5 hadi 7, hulipwa nafasi 2 tu, kwa robo ya kiwango hicho.

Tuchukue mfano. Farasi analipa 10 kwa 1, yaani kila shilingi inazaa faida ya shilingi 10. Mchezaji anaweka shilingi 5,000 kwa ushindi na 5,000 kwa nafasi, jumla 10,000. Farasi akishinda, nusu ya kwanza inarudisha 55,000 na ya pili 15,000, jumla 70,000. Akiwa wa pili au wa tatu, nusu ya kwanza inapotea, lakini ya pili inarudisha 15,000. Mchezaji ametoka na faida ya 5,000 ingawa farasi wake hakushinda.

Mvuto wa dau hili ni rahisi kuuona. Linakiri kwamba mimi si nabii. Mwaka 1967, katika mbio za Grand National kule Aintree, karibu na Liverpool, farasi waligongana na kuzuiana kwenye kiunzi cha 23. Foinavon, aliyekuwa nyuma na aliyekuwa akilipa 100 kwa 1, alipata upenyo akashinda. Hakuna daftari ambalo lingeyatabiri hayo. Anayeweka dau la pande mbili anaacha nafasi kwa mambo kama haya, na unyenyekevu huo ni sehemu ya busara. Nalikubali hilo.

Hata hivyo, unyenyekevu huo una hesabu yake. Chukua farasi anayepigiwa upatu, anayelipa 2 kwa 1. Akimaliza wa pili, nusu ya nafasi inarudisha 7,000 tu kati ya 10,000 zilizowekwa. Mchezaji anaambiwa amepata, huku mfuko wake umepungukiwa na 3,000. Kwa malipo ya moja ya tano, mpaka ni 5 kwa 1: hapo farasi wa nafasi anarudisha fedha ile ile iliyowekwa, na chini ya hapo anapunguza. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya wenye ujuzi ni kutoliweka dau la pande mbili kwa farasi wa malipo madogo. Kanuni ya pili ni kuhesabu farasi. Mbio za farasi 8 kamili, zenye mmoja wa kuogopwa na kadhaa dhaifu, zina faida kwa mchezaji, kwa sababu nafasi 3 zinalipwa na washindani wa kweli ni wachache. Mmoja akiondolewa kabla ya kuweka dau, wakabaki 7, nafasi ya tatu hailipwi tena na hesabu yote inabadilika.

Kuhusu ukubwa wa dau, ushauri wao nao una uzito. Tenga fedha za mchezo peke yake. Usiweke zaidi ya asilimia 1 au 2 kwa mara moja. Kumbuka kwamba 1,000 kwa kila upande ni 2,000, si 1,000. Andika kila kitu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Zaidi ya yote, usiongeze dau ili kufidia ulichopoteza. Anayeanza na 1,000 na kuongeza mara mbili kila anaposhindwa, akishindwa mara 7 mfululizo ameshapoteza 127,000, na sasa anatakiwa kuweka 128,000 ili abaki na faida ya 1,000.

Huu si ujinga. Ni nidhamu, na wapo wanafunzi wenzangu ambao wangefaidika nayo katika matumizi yao ya kila siku. Lakini je, nidhamu na busara ni kitu kimoja? Aristotle, katika kitabu cha sita cha maandishi yake ya maadili yanayoitwa ya Nikomako, anatofautisha werevu na busara. Werevu ni uwezo wa kuifikia shabaha yoyote iliyowekwa. Shabaha ikiwa njema, werevu unasifiwa. Ikiwa mbaya, ni ujanja tu. Busara inajali shabaha yenyewe. Kwa kipimo hicho, yote niliyoyaeleza hadi sasa ni werevu. Bado hatujauliza shabaha ni nini.

Cha ajabu ni kwamba hesabu yenyewe inatusaidia kuuliza. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha kanuni inayotumika kukadiria sehemu ya fedha inayofaa kuwekwa kwenye dau. Kwa dau la ushindi peke yake, tuseme farasi anayelipa 10 kwa 1 ana nafasi 1 kati ya 8 ya kushinda. Kanuni inasema weka asilimia 3.75 ya fedha zako. Nafasi yake ikiwa 1 kati ya 11, kanuni inasema weka sifuri. Ikiwa ndogo zaidi, jibu linakwenda chini ya sifuri: kaa na fedha yako. Maana yake ni kwamba ukubwa wa dau hauwezi kuokoa dau baya. Asiye na ujuzi unaozidi wa kampuni ya kubeti hana dau dogo la busara. Dau lake la busara ni kutoweka chochote. Kupunguza dau kunachelewesha hasara, lakini wahenga walishasema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na huyo mwenye ujuzi je? Inafahamika Uingereza kwamba makampuni ya kubeti humpunguzia mteja wa namna hiyo kiasi anachoruhusiwa kuweka, hasa anayewinda zile mbio za farasi 8. Hivyo biashara yenyewe inachagua wateja. Anayeruhusiwa kucheza bila kubanwa ana sababu ya kujiuliza kwa nini hajabanwa.

Nadhani hoja hizo zinatosha kumshawishi mwenye kupenda hesabu. Lakini hazigusi jambo linalonisumbua zaidi. Mwenzangu tunayeishi chumba kimoja hosteli ana sentensi moja anayoitegemea: “Mimi naweka tu pesa niliyo tayari kuipoteza.” Sentensi hiyo inasifiwa kila mahali kama ufunguo wa kamari ya busara. Mimi naiona kuwa na neno moja ambalo halijachunguzwa, nalo ni “niliyo.” Ni nani huyo aliye tayari?

Ada yangu ya muhula huu imetoka sehemu tatu. Mama ameuza maharage. Mjomba anayeendesha boda boda amechangia. Shangazi amekopa katika kikundi chao cha akiba, na deni analilipa kila wiki. Shilingi za matumizi zinazobaki mkononi mwangu zinatoka humo humo. Mimi naweza kuwa tayari kuzipoteza, kwa sababu sikuinama shambani wala sikunyeshewa barabarani. Wao hawakuulizwa. Kiswahili kina neno linalofaa hapa, nalo ni amana. Aliyekabidhiwa amana hahukumiwi kwa kuitumia ovyo tu. Huhukumiwa pia kwa kuitumia kwa umakini katika jambo ambalo mwenyewe hakulikusudia. Asilimia 1 ya amana bado ni amana.

Mwenzangu ananijibu kwa hoja mbili, na zote zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza: mbona unakunywa soda? Hiyo nayo haikutajwa mama alipouza maharage. Ni kweli. Lakini mama anajua kwamba mtu anayesoma anakula, anakunywa, anacheka na wenzake. Nikimwonyesha daftari langu lenye soda mbili na nauli ya kwenda kumtembelea rafiki, hatashangaa. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza: je, daftari lile la madau, lililoandikwa kwa nidhamu hivyo, linaweza kusomwa nyumbani mbele ya waliolijaza fedha? Kama haliwezi, basi unadhifu wake unamfichia mwenyewe kitu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Anasema hata mama anacheza pata potea, kwani mvua isiponyesha maharage hayapo. Nakubali kwamba kilimo ni hatari. Lakini mama anaweka mbegu zake, kwa jasho lake, na wote nyumbani wanajua kilichomo shambani. Zaidi ya hayo, mvua haikai upande wa pili wa meza ikipanga bei ili yeye apungukiwe kidogo kila msimu. Tofauti kati ya mkulima na mchezaji haiko katika kuthubutu. Iko katika ridhaa ya wanaobeba hasara na katika nia ya aliye upande wa pili.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki, ilhali Uingereza mlango wa makampuni hayo unafunguliwa akiwa na miaka 18. Mimi sijafika 25, na wengi wa watakaosoma insha hii hawajafika. Wapo wanaoona umri huo kuwa dharau kwa watu wazima. Mimi nauona kama ishara, hata kama si kamili, ya wakati ambao wengi wetu bado tunaishi kwa fedha za watu wengine.

Hitimisho langu, basi, lina mipaka. Simhukumu mfanyakazi wa Liverpool anayeweka paundi 2 za mshahara wake kwa farasi mara moja kwa mwaka, mkewe akijua, na kesho akaenda kazini. Ananunua furaha ya alasiri moja, na bei anaijua. Ninachokataa ni dai kwamba werevu wa kuchagua farasi na kupima dau unageuka kuwa busara wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya kuuliza “niweke kiasi gani?” kuna swali linalotangulia: “hii ni ya nani?” Kwa wengi wetu tulioko chuoni, swali hilo likijibiwa kwa ukweli, lile la kiasi halibaki na la kujibiwa.